Filamu Moja, Sura Moja: Kuandaa Matangazo ya Filamu Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu akishuka daladala Kabwe akaona bango ukutani, usiku akakutana na kipande cha trela kwenye status ya shemeji yake, keshokutwa akasikia tangazo redioni akiwa Mwanjelwa anachagua mitumba, anatakiwa atambue palepale kwamba vyote vitatu ni filamu moja. Asipotambua, fedha yako imetangaza filamu tatu, na hakuna hata moja anayoikumbuka.

Kampuni kubwa inaweza kuufunika udhaifu huo kwa kutangaza mfululizo mpaka watu wachoke. Sisi tunaotengeneza filamu Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa hatuna fedha hiyo. Tunachoweza ni kuhakikisha kila kinachotoka mikononi mwetu kina jina lilelile, sura ileile, rangi zilezile na sauti ileile, ili mtu akikutana nacho mara tatu kiwe kimemwingia. Naamini filamu nyingi nzuri za huku hukosa watazamaji kwa sababu hii kuliko kwa sababu ya kamera.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo: mtayarishaji, mtu mmoja wa grafiki, na steshenari ya mtaani. Nitatumia mfano wa kubuni hadi mwisho. Tuseme filamu inaitwa Lumbesa ya Mwisho, na inamhusu binti mkulima wa viazi wa Isyonje, njia ya kwenda Tukuyu, anayekataa kumuuzia dalali lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Hatua ya 1: Picha zipigwe mkiwa bado lokesheni

Kawaida ya wengi ni kurekodi, kuhariri, kisha kumwita mtu wa grafiki na kumwambia atengeneze bango. Akiuliza picha ziko wapi, anajibiwa azitoe kwenye video. Bango linaanza kuharibika hapo.

Video ya HD ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1080. Kwa ubora wa kawaida wa kuchapa, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, fremu hiyo inatosha eneo la sentimita 16 kwa 9 tu. Haifiki hata robo ya karatasi ya A4. Bango la A3 linahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na hata fremu ya 4K, yenye 3840 kwa 2160, haijazi A3 iliyosimama. Ongeza kwamba kwenye video mtu anayetembea huacha ukungu mikononi na usoni. Macho hayauoni filamu ikicheza, lakini kwenye karatasi unaonekana wazi.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ya kurekodi, mtu mmoja awe na kazi ya picha za mnato. Kamera ya kuazima inatosha, na simu nzuri pia inatosha kama mwanga upo. Muda wake ni pale onyesho linapokwisha, kabla waigizaji hawajabadili nguo. Mwongozaji awaache dakika chache, asiwahimize kuhama. Apige kila mhusika mkuu kuanzia kiunoni kwenda juu akitazama kamera, kisha akitazama pembeni, nyuma yake pawe patupu: ukuta, anga, shamba. Apige pia vitu vya hadithi. Kwenye mfano wetu ni gunia lenyewe, lile lililofumwa kamba juu mpaka limeota kilemba, pamoja na mizani na mikono ya binti ikikaza kamba. Na apige mandhari mapema asubuhi. Ukungu wa milima ya Uporoto mwezi wa Julai hauigiziki studio, na ukimaliza kurekodi bila kuupiga utalazimika kupanda tena mlimani kwa ajili ya picha moja.

Kila mwigizaji asaini karatasi fupi ya kukubali picha yake itumike kwenye matangazo. Iwe siku hiyohiyo, si baada ya filamu kupata jina.

Hatua ya 2: Andika karatasi moja ya maamuzi

Kabla hujafungua Canva au Photoshop, keti na mwongozaji muandike ukurasa mmoja. Kila tangazo litanakili kutoka hapo. Ukurasa huo uwe na mambo haya.

Jina la filamu kama litakavyoandikwa kila mahali. Si mara "Lumbesa ya Mwisho", mara "LUMBESA YAMWISHO", mara "Lumbesa" tupu. Mtu anayetafuta YouTube huandika alichokiona ukutani. Kama jina lina ng' kama ya ng'ombe, amueni apostrofi itakaa vipi, kwa sababu baadhi ya programu huigeuza ikaangalia nyuma na fonti nyingine huweka nafasi katikati ya neno. Mwambie mtu wa grafiki airekebishe kwa mkono.

Kaulimbiu, maneno matano au sita yasiyobadilika. Kwa filamu yetu: "Safari hii anapima yeye." Mkulima yeyote aliyewahi kubishana na dalali ataielewa bila maelezo, na ndivyo inavyotakiwa. Kaulimbiu inayohitaji kufafanuliwa itupeni muandike nyingine. Ukiona mwenzako anataka kuandika "filamu ya kusisimua yenye mafunzo", mkatalie kwa upole. Maneno hayo yako kwenye kila kava nchini na hayatambulishi filamu yoyote.

Muhtasari wa aina tatu: sentensi moja ya kumtajia mtangazaji wa redio, aya moja ya kuweka chini ya trela, na nusu ukurasa kwa mwandishi wa habari au waandaaji wa tamasha. Yote yaandikwe na mtu mmoja ili hadithi isibadilike. Nimeona filamu ambayo redioni ilikuwa ya mapenzi na kwenye bango ni ya uchawi.

Majina ya waigizaji na mafundi, yaandikwe sawasawa na yatakavyoonekana mwishoni mwa filamu, na mpangilio ukubaliwe mapema. Ugomvi wa jina la nani litangulie hutokea bango likiwa limeshachapwa.

Mwisho rangi, mwandiko wa jina, picha kuu na sauti. Hizi zinahitaji hatua zake.

Hatua ya 3: Rangi zitoke ndani ya filamu

Usichague rangi kwa sababu inapendeza. Fungua filamu, simamisha maonyesho matano yenye uzito, uangalie ni rangi zipi zinajirudia. Filamu ya Mufindi kwenye mashamba ya chai haitafanana na ya Chunya kwenye machimbo. Kwa Lumbesa ya Mwisho tunapata kijivu cha ukungu, kijani kizito cha shamba la viazi, na njano ya kamba ya gunia. Tatu zinatosha. Moja itawale, moja isaidie, moja itokee kidogo tu mahali unapotaka jicho lisimame.

Kila rangi ipewe namba, kwa sababu "njano" ya fundi wa Mafiati si ya fundi wa Makambako. Tuseme njano ya kamba ni #F2B705 kwenye kioo cha simu. Kwa kuchapa, wino wake unakaribia asilimia 0 ya bluu, 24 ya waridi, 98 ya njano na 5 ya nyeusi. Andika zote mbili. Kioo huonyesha rangi kwa mwanga na karatasi kwa wino, ndiyo maana kijani kinachong'aa kwenye laptopu kinatoka kimepoa kwenye karatasi. Usibishane na steshenari. Chapa kipande kimoja cha A4 kwanza, kipeleke nje kwenye jua, na kama kijani kimezama kiongezee mwanga kabla ya kuagiza mabango yote.

Kuna mambo mawili ya njano ambayo ni heri uyajue mapema. Jua huimaliza haraka. Kwenye bango lililochapwa kwa wino wa kawaida, njano na waridi hutangulia kufifia, zikabaki bluu na nyeusi. Tazama mabango ya zamani kwenye kuta za stendi, yote yamekuwa ya bluu. La pili, ukipiga fotokopi nyeusi na nyeupe, njano hupotea karibu yote. Na vipeperushi vyetu vingi ni fotokopi, kwa kuwa ndiyo bei tunayoiweza. Hivyo kwenye filamu yetu jina litakuwa jeupe juu ya kijani kizito, na njano itabaki kwenye kamba tu. Kamba ikififia, jina bado linasomeka.

Hatua ya 4: Jina liwe na mwandiko wake

Chagua fonti moja ya jina la filamu na nyingine moja ya maneno mengine yote. Zisiongezeke. Hakikisha ni fonti unayoruhusiwa kuitumia kibiashara. Zile za Google Fonts ni huru na hazilipiwi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo fonti nyembamba yenye mapambo hugeuka ukoka ukutani. Chagua yenye uzito, kisha andika jina kwa mistari miwili, uamue mstari unakatika wapi: LUMBESA juu kwa herufi kubwa, YA MWISHO chini kwa herufi ndogo zaidi. Ukishakubali, lihifadhi kama picha isiyo na mandharinyuma, na kuanzia hapo hakuna anayeliandika upya. Analibandika tu.

Jina lililobandikwa kama picha haliwezi kubadilika fonti likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Hilo peke yake litakuokoa siku faili litakapofunguliwa steshenari ambayo haina fonti yako, ikaweka yoyote iliyo nayo.

Hatua ya 5: Tengeneza bango mama, kisha watoto wake

Anza na bango refu la ukubwa wa A, kwa sababu karatasi zote za A zina uwiano mmoja. Bango la A1 ukilipunguza hadi A3 au A4 halikatwi chochote. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha fundi, na maneno yasikaribie ukingo.

Picha kuu iwe moja. Najua mtayarishaji anataka sura za waigizaji wote kumi, na kila mwigizaji anataka aonekane. Lakini sura kumi zikishushwa hadi ukubwa wa simu zinakuwa nukta. Kwetu picha kuu ni binti amesimama mbele ya gunia linalomzidi kimo, kamba ya njano mkononi, ukungu nyuma yake. Basi.

Kutoka kwenye bango hilo toa maumbo haya: mraba wa pikseli 1080 kwa 1080 wa Instagram na Facebook, uliosimama wa 1080 kwa 1920 wa status, na uliolala wa 1280 kwa 720 wa kijipicha cha YouTube. Usikate tu bango ili lienee. Panga upya vitu vilevile. Kwenye kijipicha ondoa majina na kaulimbiu, bakiza uso, kamba na jina. Banna ya kutundika barabarani husomwa kwa mbali, kwa hiyo pikseli 100 hadi 150 kwa inchi zinatosha, ila maneno yapungue mpaka yabaki jina, tarehe na mahali.

Kisha lijaribu. Lipunguze kwenye simu hadi ukubwa wa ukucha: jina linasomeka? Lipige fotokopi nyeusi na nyeupe: uso unaonekana? Libandike ukutani, vuka barabara, muulize mtu asiyejua filamu anaona nini. Akisema "tangazo la viazi", rudi mezani, uso wa binti uongezeke na gunia lipungue.

Hatua ya 6: Tarehe isiwe sehemu ya bango

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu. Filamu ya huku huzunguka: leo ukumbi Mbeya mjini, wiki ijayo Tukuyu, kisha Kyela, mwisho wa mwezi Njombe na Iringa. Ukichapa tarehe ndani ya bango, kila mji unahitaji mabango yake, na ukumbi ukiahirisha yote yanakuwa takataka.

Acha ukanda mtupu chini ya bango, sehemu moja ya nane ya kimo chake, wenye rangi moja ya filamu. Chapa mabango yote kwa mkupuo bila tarehe. Kwa kila mji chapa vipande vya karatasi vya ukubwa wa ukanda huo, vyenye siku, saa, mahali na kiingilio, kwa fonti ileile, uvibandike juu. Ikibidi, hata maka peni nyeusi inafaa, mradi mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeandika yote. Ukanda wa kijivu cha ukungu utapokea wino mweusi vizuri kuliko wa kijani.

Kabla ya kuchapa, kumbuka kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Subiri daraja la umri litoke, uliweke palepale kwenye kila tangazo, kwa ukubwa uleule. Na uliza ofisi ya halmashauri kuhusu kubandika kabla hujamtuma kijana na ndoo ya gundi.

Kuhusu mvua: huku huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili, na Rungwe huchelewa zaidi kukatika. Karatasi tupu haimalizi siku. Majira hayo bandika ndani: saluni, maduka ya vinywaji, ofisi za mabasi, chini ya paa za sokoni. Au weka laminesheni kwenye mabango machache ya mahali penye watu wengi.

Hatua ya 7: Sauti nayo ina sura

Redioni hakuna kijani wala kamba ya njano. Msikilizaji wa Mafinga anayechambua maharage jikoni atakutambua kwa sauti tu, kwa hiyo sauti ipangwe kwa uangalifu uleule wa bango. Chagua sekunde tano za muziki wa filamu, zile ambazo mtu akizisikia anageuka. Ziwe mwanzo wa trela, mwanzo wa tangazo la redio, na ndizo zitangulie kwenye spika za gari la matangazo. Chagua sauti ya mtu mmoja aseme jina la filamu na kaulimbiu, mrekodi mara moja vizuri, na sauti hiyohiyo itumike kote. Kwenye mfano wetu ningemtumia binti mwenyewe, akisema bila haraka: "Safari hii anapima yeye."

Mtangazaji wa kituo ana namna yake ya kuongea na wasikilizaji wake, usimnyang'anye. Akiwa Tukuyu aanze na "ugonile", akiwa Iringa aseme "kamwene", acheke, asalimie wanaomfahamu. Mpe tu karatasi yenye sentensi moja ya hadithi, na kipande chako kilichorekodiwa akicheze kama kilivyo.

Muziki uwe wako au uwe na ruhusa ya maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata kama umetumia sekunde chache, na YouTube yenyewe huutambua wimbo wa mtu bila yeyote kushtaki. Trela yako inaweza kuzuiwa wiki ileile unayoihitaji.

Hatua ya 8: Wape watu vifaa kabla hawajajitengenezea

Mwigizaji mwenye hamu ya kuitangaza filamu ni mtaji. Tatizo ni kwamba asipopewa kitu atajitengenezea: ataweka picha yake ya harusini, maua ya programu ya simu, jina la filamu kwa herufi nyekundu, na tarehe aliyoikumbuka. Hana kosa. Hakupewa.

Kwa hiyo andaa kifurushi cha kila mmoja. Kiwe na bango lenye picha yake peke yake katika nguo za mhusika, mpangilio uleule, rangi zilezile, jina la filamu mahali palepale; kiwe na trela fupi iliyosimama ya status, na maneno mawili matatu ya kunakili. Wa dalali, wa mama mwenye shamba, wa kijana wa kupakia gari: mabango yote yakipangwa pamoja yaonekane ndugu. Tuma kama dokumenti kwenye WhatsApp, si kama picha, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na ikishatumwa na watu watano inakuwa haisomeki.

Wenye vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video za mtaani, nao wana nguvu kubwa. Mteja wao husoma ubao ulioandikwa kwa chaki pale mlangoni. Mpelekee bango moja la kubandika juu ya ubao na karatasi ndogo yenye jina la filamu lilivyoandikwa, ili chaki yake ifanane nalo.

Hatua ya 9: Mtu mmoja ashike ufunguo

Mafaili yote yakae sehemu moja mtandaoni na kwenye flashi moja, na mtu mmoja tu ndiye abadilishe. Majina ya mafaili yaeleweke: jina la filamu, aina, ukubwa, tarehe. "Bango mwisho mwisho kabisa 2" ndilo hufika steshenari na kosa la kiingilio. Kila kitu kinachotoka, hata kadi ya mwaliko wa mkuu wa wilaya, kipite kwake akilinganishe na ile karatasi ya hatua ya pili.

Ukumbi ukibadilika, yeye ndiye anatoa picha mpya kwenye makundi yote na kuwaomba watu wafute ya zamani, kisha anapiga simu kwa waliobandika ili ukanda wa chini ubadilishwe siku hiyohiyo.

Maonyesho yakimalizika mji mmoja, bandua mabango yaliyo mazima uende nayo mji unaofuata. Na siku filamu inapowekwa mtandaoni usitengeneze sura mpya. Kijipicha kiwe kilekile watu walichokizoea, na ukanda wa chini wa bango ubadilike maneno tu: badala ya siku na ukumbi, andika mahali inapopatikana na bei ya kuitazama.